Mchanga Mliouuza

Enyi watu wa Makueni, mnaoijua kiu kwa majina yake yote, njooni tusimame pamoja katika mto mkavu. Nimewaita hapa kwa sababu hapa hakuna asiyeelewa. Kila mtoto aliyelelewa kati ya Wote na Kathonzweni amewahi kuteremka mtoni alfajiri na kopo na jerikeni, akachimba mchanga kwa mikono hadi ukabadilika rangi, akachuchumaa, akangoja. Maji yakachuruzika taratibu, yakajaa shimoni, safi na baridi. Mtoto huyo hajui kusoma bado, lakini anajua kwamba mchanga ndio ghala letu. Mvua hunyesha wiki chache tu. Mchanga huyameza maji yake na kuyatunza, kisha hutugawia kidogo kidogo katika miezi ya jua kali.

Anajua pia yaliyotokea lori zilipoingia mtoni. Vijana wetu wenyewe walishika sepetu wakapakia usiku kucha. Walilipwa fedha za kula siku mbili. Mchanga ukaenda mjini kujenga maghorofa ya watu wengine, na mvua iliyofuata ikapita juu ya mwamba mtupu ikielekea baharini. Mama aliyekuwa akichota maji karibu na nyumbani akaanza kuyafuata mbali, mtungi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso.

Kura yenu ndiyo mchanga huo. Ndiyo inayowatunzia barabara, dawa, shule na maji ya miaka mitano ijayo. Nanyi mmeuza mchanga, kisha mnalia kwamba mto umekauka.

Nasema haya nikiwa mmoja wenu. Jina la mji wetu kwa Kiswahili ni kama hukumu: Wote. Hatia hii haina mtu mmoja wa kutupiwa. Ni yetu wote.

Wakamba wanamkumbuka Syokimau, mwanamke aliyetabiri kwamba nyoka mrefu wa chuma atakuja kutoka baharini akipita katika nchi yetu. Reli ikaja. Mimi sina maono kama yake, wala siyahitaji. Anayetaka kujua yatakayowapata na atazame yaliyokwisha kuwapata.

Kumbukeni Februari 1988. Katika mchujo wa chama tawala cha KANU, Mkenya aliamriwa asimame nyuma ya picha ya mgombea wake, mchana, mbele ya chifu na mbele ya tajiri anayemdai. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alikwenda bungeni bila kura ya siri kupigwa. Kote nchini milolongo mifupi ilitangazwa kuwa mirefu na watu wakiiona kwa macho. Wako waliopigwa, waliofungwa na waliokimbia nchi wakidai sanduku la siri lirudi, ili wewe uingie kwenye kibanda peke yako, wewe na dhamiri yako, asikuone mtu.

Siri hiyo mmeitendea nini? Leo mtu aliyemaliza kidato cha nne hufika kituoni akadai hajui kusoma, ili asaidiwe kuweka alama mbele ya wakala, na wakala akatoe ushahidi kwamba mali iliyonunuliwa imefika. Mlolongo mliolazimishwa na serikali sasa mnaurudisha kwa hiari yenu. Wazee wenu waliuonea aibu, ninyi mnaupangia foleni.

Tazameni kiti chenu cha ubunge cha Makueni. Mwaka 2002, katika wimbi la muungano wa NARC, mlimtuma Profesa Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria aliyekuwa mstari wa mbele kudai katiba mpya. Mwaka 2007, akiwa waziri, mkamwangusha na kumpa kiti Peter Kiilu wa ODM-Kenya, kwa kuwa Kalonzo Musyoka aliwania urais mwaka huo na Ukambani ikamfuata kama kundi limfuatavyo mchungaji. Mwaka 2013 mkampa Daniel Maanzo wa Wiper, jina jipya la chama kilekile. Mwaka 2017 mkamrudisha. Mwaka 2022 mkampa Suzanne Kiamba, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, na kwa hilo peke yake nafurahi, kwa sababu muda mrefu mno kiti hicho kilidhaniwa kuwa cha wanaume. Naye pia alikuja na tiketi ya Wiper.

Siwahukumu waliochaguliwa. Kila mmoja ana kazi yake ya kuitolea hesabu. Nawauliza ninyi mliowachagua. Chaguzi nne mfululizo, 2007, 2013, 2017 na 2022, nyumba ni ile ile. Mlimuuliza nani swali gani kabla ya kumfungulia mlango?

Aprili 27, 2013, Mutula Kilonzo alifariki wiki chache tu baada ya kuchaguliwa seneta wa kwanza wa kaunti hii. Binti yake Kethi akazuiwa kuwania kwa kuwa hakupatikana kuwa mpiga kura aliyesajiliwa, na katika uchaguzi mdogo wa Julai 26 mkamchagua kaka yake, Mutula Kilonzo Junior, ambaye leo ni gavana wenu. Sisemi kwamba hakufaa. Nasema kwamba majina yalibadilishwa mezani, nanyi hamkubadilisha hata hatua ya mguu. Kama chama kingeleta jina la tatu, mngelipigia kura hilo hilo la tatu.

Kisha ikaja 2022. Kibwana, gavana wa miaka karibu kumi, akawania useneta kwa chama cha Muungano, mkamwacha, mkamchukua Maanzo wa Wiper. Haki ya kumwacha mlikuwa nayo. Hakuna gavana asiye na makosa. Lakini nilipouliza alikosa wapi, katika zahanati, katika barabara, katika maji, sikupewa hesabu yoyote. Nilipewa neno moja: suti. Tunavaa suti kamili, wakasema, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, kitambaa kimoja.

Suti ni vazi. Mtu hupimwa kabla ya kushonewa. Ninyi mnavaa bila kupimwa, halafu mnashangaa inawabana kwapani.

Sasa nisikilizeni juu ya jambo zito zaidi. Nilikuwapo jioni moja ya kampeni, chini ya mwembe, jua likizama. Hotuba zilikuwa zimekwisha na magari yenye vipaza sauti yameondoka. Akabaki kijana mmoja mwenye daftari la shule, majina yameandikwa kwa mstari, na mwingine mwenye mkoba mdogo kiunoni. Watu wakajipanga. Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, alipokea noti ya shilingi 200, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaifunga katika pindo la leso kwa fundo dogo, akalikaza kwa meno. Kisha akachukua jerikeni lake tupu akaondoka. Njiani alipita kando ya kisima ambacho pampu yake ilikuwa imekufa tangu kabla ya uchaguzi uliotangulia. Hakukitazama. Alikuwa amezoea kupita hapo bila kukitazama.

Mimi nilinyamaza jioni hiyo. Karipio hili lilipaswa kutoka kinywani mwangu pale pale, chini ya mwembe ule, na sikulitoa.

Hesabuni nami. Miaka mitano ina siku 1,826. Shilingi 200 ukizigawa kwa siku hizo, unapata takribani senti 11 kwa siku. Huo ndio mshahara mliokubali kwa kufunga midomo yenu miaka mitano. Jerikeni moja la maji, wakati wa kiangazi, halinunuliki kwa senti 11. Halinunuliki hata kwa mshahara wa miezi mitano wa namna hiyo. Na mkumbuke kwamba tangu 2016, katika kaunti hii hii, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Mnajua basi jinsi fedha kidogo ikiwekwa pamoja inavyoweza kubeba mgonjwa. Mnajua, na bado mnaitoa moja moja kwa mwenye mkoba.

Mtaniambia: njaa. Msidhani naidharau. Nimeiona njaa ikikaa jikoni kama mgeni asiyeaga. Nimeona sufuria ya muthokoi ikiongezwa maji mara ya tatu ili itoshe. Lakini pimeni neno hili: mtu anayenunua kura yako kwa sababu una njaa hana sababu ya kuiondoa njaa hiyo. Ndiyo mtaji wake. Siku utakaposhiba, noti yake ya 200 itakosa mtu wa kumnunua. Kwa hiyo atakulisha kiasi cha kukufikisha kituoni, basi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Mchuma janga hula na wa kwao, na mtoto aliyekuwa mgongoni jioni ile hakuulizwa kama anakubali bei.

Tena mmegeuza ofisi ya mbunge kuwa meza ya kuombea. Mtu akifariki, mbunge apigiwe simu alipie jeneza. Mtoto akiitwa shule, mbunge. Harambee ya kanisa, mbunge. Mchango wa harusi, mbunge. Asipotoa, mnasema ana roho ngumu. Akitoa, mnasema huyu ndiye wetu. Hamjiulizi anazitoa wapi. Mshahara wa mtu mmoja hauwezi kuzika jimbo zima. Mnapomdai fedha asizo nazo, mnamwelekeza njia ya kuziiba, kisha mnaimba kwamba viongozi ni wezi. Mwizi huyo mlimlea ninyi.

Kifungu cha 95 cha Katiba kimeandika kazi za Bunge la Taifa: kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa, kusimamia matumizi ya serikali. Mazishi hayamo. Juni 25, 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga, na damu ya vijana ikamwagika Nairobi siku hiyo hiyo. Ni wangapi kati yenu waliomuuliza mbunge wao alisimama upande gani, na kwa nini? Mlikuwa mnamsubiri kwenye mazishi, mkihesabu bahasha.

Na basari! Tangu sheria ya 2003 ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, CDF, fedha hizo zimetoka katika kodi: katika mafuta ya bodaboda, katika salio la simu. Ni zenu. Lakini mzazi hupokea hundi mbele ya kamera, akainama, akashukuru kwa machozi kana kwamba amepewa figo. Mama yangu, inuka. Hashukuriwi mtu kwa kukurudishia kilicho chako.

Enyi wazee, mnaomkalisha mgombea kwenye kigoda, mkamvika ngozi na kumkabidhi fimbo, halafu mkapokea bahasha nyuma ya nyumba. Fimbo ile baba zenu hawakuiuza. Wazee wa baraza la nzama walikaa kutwa wakipima neno la mtu kabla ya kumpa heshima. Ninyi mnapima unene wa bahasha. Mkifa, mtawaachia wajukuu fimbo isiyo na nguvu hata ya kumfukuza mbwa.

Enyi vijana wa bodaboda, mnaojaziwa tangi ili mpige honi nyuma ya gari la mtu, na wakati mwingine mnapewa mawe ya kumrushia mwenzenu wa kijiji cha pili. Mafuta yale huisha kabla ya jua kuzama. Mwenye gari hurudi Nairobi, na wewe na uliyempiga jiwe mtakutana kesho kwenye foleni moja ya kutafuta kazi.

Enyi wachungaji na makasisi, mnaowapa wanasiasa maikrofoni Jumapili kwa sababu paa la kanisa linavuja. Afadhali mvua iwanyeshee watu wa Mungu kuliko uongo uwanyeshee kutoka madhabahuni. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni yaliyotolewa na rais kwa kanisa la Soweto. Kukataa kunawezekana. Mmeonyeshwa.

Enyi mliosoma, mnaoishi Nairobi na Mombasa, mnaorudi nyumbani Desemba kula mbuzi na Agosti kupiga kura. Mnajua kusoma bajeti. Mnajua kuandika barua kwa kamati ya bunge. Lakini mnapofika kijijini mnawaambia mama zenu jina la chama na si zaidi, kisha mnapanda matatu. Mmepewa taa mkaificha chini ya kiti cha gari.

Yote haya yasingekuwa mazito kama mngekuwa watu wasiojua njia nyingine. Lakini mnaijua.

Julai 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba mifugo kwa nguvu kwa kisingizio kwamba imezidi malisho, na kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa tayari Athi River, maelfu ya watu waliondoka majumbani, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi. Walikaa huko wiki kadhaa wakitaka Gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo unyang'anyi ule ulikomeshwa. Watu wale hawakuwa na kura hata moja. Wewe unayo.

Wala hamhitaji kurudi nyuma hivyo. Septemba 23, 2014, hapa hapa Wote, mvutano wa bajeti kati ya gavana na wawakilishi wa wadi uligeuka milio ya risasi kwenye majengo ya bunge la kaunti, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Mlifanya nini? Maelfu yenu walitia sahihi ombi la kutaka kaunti nzima isimamishwe, turudi kwenye uchaguzi. Tume ya Mohamed Nyaoga ikaja, ikawasikiliza, ikakubaliana nanyi. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Hamkuchoma kitu. Mlingoja 2017, na wengi wa wawakilishi wale hawakurudi. Mwaka ule ule wa 2015 kaunti yenu ilitunga sheria ya kulinda mchanga, na katika miaka hiyo mikutano ya kijiji ikaanza kuamua miradi kuanzia chini ya mti hadi makao makuu. Watu kutoka kaunti nyingine walikuja Wote kujifunza kwenu.

Kwa hiyo msiniambie hamuwezi. Mliweza mkaacha. Aliyefumbwa macho tangu kuzaliwa husamehewa akijikwaa. Aliyeona njia kisha akafumba macho mwenyewe, ataomba radhi kwa nani?

Bwawa la Thwake lilianza kujengwa 2018. Uchaguzi wa 2022 ulikuja na kupita, na maji yake yalikuwa bado hayajafika bombani. Mara ngapi bwawa hilo limetajwa majukwaani, na mara ngapi mlimdai aliyelitaja tarehe, fedha na jina la mkandarasi? Mkiahidiwa maji mnapiga makofi. Mkipewa noti mnapiga kura.

Jumanne, Agosti 10, 2027, masanduku yatafunguliwa tena. Hili ndilo onyo langu, na nalitoa mapema ili pasiwe na wa kusema hakuambiwa. Mkiuza tena, mtapata mtu aliyewalipa na asiyewadai wala kudaiwa. Pampu itabaki imekufa. Watoto wenu watapakia mchanga wa mtu mwingine usiku. Wasomi wenu watahama. Na mwaka 2032 atakuja kijana mwenye daftari na mkoba, chini ya mwembe ule ule, na bei itakuwa imepanda kidogo ili mjione mmeendelea.

Mkigeuka, ifanyeni kazi hii kwa mikono. Kila kijiji kiandike maswali matatu, kimpe kila mgombea wa chama chochote, na majibu yasomwe kwa sauti mbele ya watu. Mkamkumbushe aliyechaguliwa majibu yake kila mwaka, si kila miaka mitano. Wafu wenu wazikeni kwa ushirika wa mwethya, kama nyanya zenu walivyochimba matuta ya fanya juu milimani, kikundi kwa kikundi, jembe kwa jembe, bila kumngoja mheshimiwa yeyote. Nendeni kwenye mikutano ya bajeti hata kama hakuna soda. Na chama mkipende mkitaka, lakini kikileta mtu asiyefaa, kikataeni hadi kiwaogope.

Mchanga ukishaibwa hauwezi kurudishwa kwa sepetu. Mnajua unavyorudi, kwa sababu ninyi ndio mliowafundisha wengine. Watu hukusanyika mtoni wakati wa jua, wanabeba mawe kichwani, wanapitisha saruji mkono kwa mkono, wanajenga ukuta kuuzuia mto. Msimu wa kwanza mvua huleta mchanga kidogo. Wa pili huongeza. Wa tatu, mtoto huteremka alfajiri na kopo, akachimba kiwiko kimoja tu, na maji yakatokeza.

Ukuta huo hausimami kwa jiwe la mtu mmoja. Mimi nimeshika langu. Liko wapi lako?